Kutoka Lubumbashi hadi Mutshatsha katika nyumba yenye magurudumu

Katika Ulaya watu wengi wana desturi ya kupitisha likizo zao katika nyumba yenye magurudumu. Ni motokari kubwa iliyowekwa kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji, taa na friji. Jua likichwa, wenyewe husimama popote palipo pazuri, hupika, hulala, na kesho yake huendelea. Huku kwetu Katanga chombo kama hicho ni adimu. Hata hivyo shemeji yangu wa Lubumbashi anacho kimoja. Alikinunua kwa mume na mke waliokuwa wameivuka Afrika toka kaskazini, kisha wakachoshwa na njia, wakarudi kwao kwa ndege. Watoto wa mtaani waliliita gari hilo Konokono, kwa kuwa linatembea na nyumba yake mgongoni, na jina hilo limebaki.

Katika mwezi wa Oktoba 2023 tulisafiri ndani yake watu watatu: shemeji kwenye usukani, Mama yangu kitandani nyuma, nami karibu na dereva nikishika ramani na chupa ya chai. Tulikuwa tukienda Mutshatsha, ng'ambo ya Kolwezi, kwenye reli iendayo Dilolo. Huko anakaa dada yetu mkubwa, na mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 11 ana ugonjwa wa kisukari, wa namna ile inayowashika watoto. Mwili wake hautengenezi tena insulini, na pasipo sindano za kila siku hawezi kuishi. Tulimpelekea chupa 12 za dawa hiyo.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikiganda kuwa barafu, imeharibika. Ikipatwa na joto kali, nguvu yake hupungua kimyakimya; mara nyingi maji yake hubaki yaleyale machoni, na mama wa mgonjwa hajui kama anamdunga mtoto dawa au maji tu. Nje ya friji huweza kukaa kama majuma manne, mradi joto lisizidi digrii 30. Nanyi mnajua Oktoba ya Katanga ilivyo: mvua bado haijashika, na jua linaunguza hata mawe. Ndiyo sababu tuliliacha basi, tukachagua Konokono: kwa ajili ya friji yake.

Lakini friji hiyo ilikuwa na kasoro, nasi tuliijua kabla ya kuondoka. Gari likitembea, friji ilikoroma vizuri na baridi yake ilitosha. Injini ikizimwa tu, taa zilififia zikawa nyekundu kama kaa la makala, nayo friji ilijaribu kuamka, ikatetemeka mara mbili, ikanyamaza. Fundi mmoja wa mjini alisema betri imekufa. Shemeji akanunua betri mpya kwa bei iliyomfanya akae kimya siku mbili. Siku chache mambo yakaonekana afadhali, kisha yakarudi yaleyale. Fundi wa pili akataka kubadili alternata, ile mashini ndogo izungushwayo na mkanda wa injini ili kuzaa umeme. Fedha zilikuwa zimekwisha. Basi tukajiambia kwamba mchana tutatembea na usiku hewa itapoa, tukaondoka hivyohivyo. Sitaki kuupamba ujinga wetu: tulihatarisha dawa ya mtoto kwa kutumaini hewa.

Tulitoka Lubumbashi baada ya Misa ya alfajiri. Njia ni ya lami, nayo imejaa malori marefu yaletayo shaba na kobalti kutoka Kolwezi, yakishuka kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kila mara ilitupasa kupunguza mwendo nyuma ya moja lililobeba mzigo wa kupasua moyo. Hata hivyo Oktoba ina uzuri wake. Miti ya miyombo huchipua majani mapya kabla ya mvua, nayo hayatoki kijani, bali mekundu na ya rangi ya shaba, hata mtu mgeni angedhani msitu umeshika moto. Kati ya miti vinasimama vichuguu vya mchwa, vingine vimepita urefu wa nyumba. Kando ya barabara magunia ya makala yamepangwa kama askari, na nyuma yake mapengo yanaonyesha miti hiyo ilikatwa wapi.

Kwenye daraja la Lufira Mama aliamka, akasali kidogo, akatuambia habari za utoto wake. Hapo ndipo askari wa Umoja wa Mataifa walipojaribu kupita mwezi wa Septemba 1961, ili kuwaokoa wenzao wa Ireland waliozingirwa katika mji ulioitwa Jadotville, hawakuweza. Mwezi wa Januari 1963, vita vya Katanga vilipofika mwisho, daraja lilibomolewa na askari waliokuwa wakirudi nyuma, na majeshi ya Umoja wa Mataifa yakavuka hata hivyo. Mama alikuwa msichana mdogo. Anachokumbuka yeye si majeshi, bali usiku aliolala porini na kuku mmoja kifuani ili asilie. Sikumwuliza kama asiyetakiwa kulia alikuwa kuku au yeye.

Jadotville imeitwa Likasi tangu 1966. Tulifika jioni, kwa kuwa lori moja lilikuwa limeanguka njiani na kuziba barabara saa nyingi. Katika misheni tulipewa nafasi ya kusimamisha gari chini ya mwembe. Injini ikazimwa. Taa zikafifia, friji ikatetemeka mara mbili, ikanyamaza. Kipimajoto kilisema digrii 6. Tulipomaliza kula kilisema 9. Usiku ulikuwa na joto zito, hakuna upepo, na shemeji akaanza kuongea juu ya kuwasha injini hadi asubuhi, jambo ambalo lingemaliza mafuta yetu na kuwanyima mapadri usingizi.

Mama hakusema neno. Alikwenda jikoni kwa masista, akaomba mtungi mkubwa na mwingine mdogo. Katika mkubwa alimwaga mchanga, akaweka ule mdogo katikati, akajaza mchanga pembeni, akaumwagia maji mpaka ukalowa kabisa. Akazifunga chupa zote 12 katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji, akazitia katika mtungi mdogo, akafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yakitoka katika udongo na kuwa mvuke, huondoka na joto. Asubuhi, baada ya usiku wa digrii 26, kipimajoto ndani ya mtungi kilisema 19. Hiyo si baridi ya friji, lakini ni salama kwa siku kadhaa, nasi tulipumua.

Baada ya Misa, padri alimwita mzee mmoja wa parokia aliyefanya kazi ya umeme wa reli miaka mingi. Sehemu ya reli ya Katanga ilianza kuendeshwa kwa umeme katika miaka ya 1950, na mafundi wake wanajulikana kwa uvumilivu. Mzee alikuja na mfuko wa kitambaa: ndani yake mlikuwa na kipimo cha volti, spana mbili, kipande cha msasa na kopo la grisi. Alivua pete yake ya ndoa, akaitia mfukoni. «Wanangu,» alisema, «chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, hugeuka moto. Nimewaona wenzangu waliopoteza kidole kwa pete.» Akamwomba shemeji azime sigara yake pia, kwa kuwa betri ikipokea umeme hutoa hewa iitwayo haidrojeni, nayo hulipuka.

Kisha hakugusa kitu. Alikaa, akauliza maswali: taa hufifia lini? Friji hunyamaza lini? Gari likitembea, je? Shemeji alitaka kumweleza bei ya betri. Mzee alitaka kujua mambo yalivyotokea tu.

Nieleze kwanza jinsi gari la namna hii linavyopangwa. Lina betri mbili. Ya kwanza huamsha injini. Ya pili, iliyofungwa chini ya kitanda, huhudumia nyumba: taa, pampu ya maji, friji. Kati yao kuna rilei, kifaa kinachofunga njia injini ikiwaka ili alternata izilishe betri zote mbili, na kuifungua injini ikizimwa, ili friji isije ikaimaliza betri ya injini ukashindwa kuondoka. Umeme hutoka kichwa chanya cha betri kwa waya mwekundu, hufanya kazi yake, kisha hurudi kichwa hasi kwa kupitia chuma cha mwili wa gari. Waya mfupi ufungao kichwa hasi na mwili wa gari, mafundi wetu huuita masi.

Mzee alipima betri ya nyumba ikiwa imepumzika: volti 12.3. Betri ya risasi iliyojaa huonyesha kama 12.6 au 12.7, iliyofika nusu kama 12.2. Basi hii haikuwa imekufa. Ilikuwa na zaidi ya nusu. Akawasha taa zote za ndani. Zikafifia, rangi ya makala. Akapima tena kwenye vichwa vya betri: 12.2. Hapo alitabasamu, nami sikujua sababu. «Betri dhaifu,» akasema, «ikibebeshwa mzigo, huanguka. Hii haikuanguka. Inasema: mimi nipo, ila nimefungwa njiani.»

Akaenda kwenye taa, akapima penyewe: volti 7.1. Betri ilitoa 12.2, taa ikapata 7.1, volti 5.1 zilikuwa zikipotea mahali fulani. Sasa ilibaki kufuata njia kipande kwa kipande. Kutoka kichwa chanya hadi taa, kwa waya mwekundu, alipata hasara ya 0.1 tu. Njia ya kwenda ilikuwa nzima. Akaweka mshale mmoja wa kipimo kwenye kichwa hasi, na mwingine kwenye chuma kitupu cha gari. Hapo pasingepaswa kuwa na kitu. Kipimo kikasema 5.0.

Ili tuamini, alituamuru tuwashe injini. Kutoka kichwa chanya cha betri ya nyumba hadi mwili wa gari: 14.2, yaani alternata na rilei zilifanya kazi bila kosa. Lakini kati ya vichwa viwili vya betri yenyewe: 12.5. Umeme wa kuijaza ulifika mlangoni, ukaingia tone kwa tone. Friji ilikoroma njiani kwa sababu ilikuwa na masi yake yenyewe na ilikula moja kwa moja kwa alternata; injini ikizimwa, ilibaki na betri iliyofungwa mkono mmoja.

Mama alikuwa akisikiliza. Mzee alimweleza kwa adabu: «Mama, ni kama wachota maji. Njia ya kwenda mtoni ni pana, lakini njia ya kurudi imezibwa na mti ulioanguka. Utaongeza ndoo, utanunua mtungi mpya, maji hayatafika nyumbani. Watu wote hutazama njia ya kwenda.»

Tuliinua godoro na ubao. Waya wa masi ulifungwa kwa bolti kwenye sakafu ya chuma, chini tu ya beseni la kuoshea vyombo. Maji yalikuwa yakidondoka hapo, nani ajuaye tangu lini. Zaidi ya hayo, gari lilipopakwa rangi upya, mpaka rangi alikuwa amepaka sakafu kwanza, na bolti ikarudishwa juu ya rangi. Chini yake kutu ilikuwa imekula kama mchwa. Mzee aliondoa kwanza waya wa kichwa hasi betrini, ndipo akafungua bolti. Na wakati wa kurudisha, kichwa hasi kilikuwa cha mwisho. Ndivyo ipasavyo: masi ukishatoka, spana ikiteleza na kugusa mwili wa gari haiwashi cheche. Alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama paji la mtoto aliyeogeshwa, akasafisha jicho la waya, akakaza kwa nguvu zake zote, kisha akapaka grisi juu ili maji yasirudi. Unga mweupe uliokuwa umeota kwenye vichwa vya betri aliuosha kwa maji yenye magadi.

Kazi nzima ilichukua saa moja, nayo iligharimu kipande cha msasa. Alipopima upya, kati ya kichwa hasi na mwili wa gari kulibaki 0.05. Taa zikawaka nyeupe. Friji ikaamka, haikutetemeka. Shemeji alitazama betri mpya aliyoinunua bure, akasema neno la Kifaransa ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Mzee hakutaka malipo. Alikubali chupa ya asali ya Mama.

Kutoka Likasi hadi Kolwezi ni kilomita 180 hivi, kupitia Fungurume. Nchi yote hii imechimbwa tangu zamani. Kabla Wazungu hawajafika, wahenga wetu waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo, wakaimimina katika kalibu kuwa misalaba midogo, nayo ilikuwa fedha yao. Mingi imepatikana makaburini kule Sanga, kwenye mabonde ya Upemba. Wanafunzi wengine hudhani kwamba misalaba hiyo ni alama ya Ukristo. Sivyo, ni ya karne nyingi kabla ya wamisionari wa kwanza katika nchi hii. Leo shaba ya Katanga huenda mbali na hurudi kwetu ikiwa waya, kama ule mwekundu wa Konokono. Na kobalti ya Kolwezi huingia katika betri nyingi za lithiamu za simu na motokari za ng'ambo. Betri yetu sisi, tuliopita katikati ya utajiri huo, ilikuwa ya risasi na asidi, namna iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Tulisimama kwenye daraja la Lualaba kunyoosha miguu. Hapa mto bado mdogo. Kijana mwenye nguvu angeweza kulitupa jiwe hadi ng'ambo. Maji haya yatapita Bukama, Kongolo, Kindu, Kisangani, yataitwa mto Kongo, yatafika Kinshasa, kisha yataanguka Inga karibu na bahari. Pale Inga huzungusha mashini, na umeme wake husafirishwa kwa waya mrefu kama kilomita 1,700, uliomalizika mwaka 1982, hadi wapi? Hadi Kolwezi hapa hapa. Nguzo zake zinapita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku huwasha vibatari, kwa maana umeme wa namna ile hauwezi kuchotwa njiani kirahisi. Nilimwambia shemeji kwamba mto huu una njia yake ya kurudi nyumbani, nayo ni ya waya. Akasema nisimletee habari za waya mpaka tumefika.

Usiku wa Kolwezi friji ilifanya kazi hadi asubuhi. Chupa zilikuwa zimetoka mtungini na kuwekwa kwenye rafu ya kati, mbali na bamba la barafu lisizigandishe. Kabla ya kuondoka betri ilikuwa 12.4.

Toka Kolwezi kwenda magharibi lami iliisha, na mchanga ukaanza. Gari lilitikiswa kama nafaka katika ungo, nasi tulisali Rozari kwa vipande vipande, fungu moja kati ya shimo na shimo. Mchana friji ikanyamaza ghafula, taa zikiwa nzima. Safari hii hatukubahatisha. Tulitazama fyuzi yake, ya ampea 15: imekatika. Vijana waliokuwa wakisukuma baiskeli za makala walikusanyika, na mmoja akatoa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akashauri tuizungushie fyuzi, kama wafanyavyo wote. Shemeji alikataa. Fyuzi imewekwa ili iwe kitu dhaifu kuliko vyote, ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Na waya wetu ulipita chini ya godoro la Mama, hatua mbili kutoka chupa ya gesi. Tukafuata waya kwa vidole, tukakuta mahali ambapo mtikisiko uliusugua kwenye ukingo wa chuma mpaka ngozi yake ikachubuka na shaba ikaonekana. Kijana yule yule wa karatasi ya fedha alitupa kipande cha mpira wa baiskeli. Tuliufunga waya vizuri, tukausogeza mbali na ukingo, tukatia fyuzi mpya ya 15. Ilidumu.

Tulifika Mutshatsha usiku. Dada alikuwa amekaa mlangoni na taa, na mtoto alikuwa bado macho, ingawa kesho yake ilikuwa siku ya shule. Alifungua friji mwenyewe, akahesabu chupa kwa sauti mpaka 12, akasoma kipimajoto: digrii 5. Kisha akauliza kile kitu chenye mishale miwili ni cha nini, kwa kuwa mzee wa Likasi alikuwa amemwazima shemeji kipimo chake mpaka tutakaporudi.

Kulipopambazuka nilimkuta ndani ya Konokono, akiwa amevaa sare ya shule, mshale mmoja kichwa chanya, mwingine kichwa hasi. Friji ilikuwa ikikoroma. Kipimo kilisema 12.3. Akaandika namba hiyo katika daftari lake, chini ya hesabu ya sukari ya asubuhi ile.